Chupi Ishirini na Nne

Sihaba alikuwa fundi cherehani hapo Mkange kwa miaka kumi na minane. Alishashona sare za shule, mapazia ya zahanati, magauni ya mabibi harusi wanene na wembamba, hata joho la mbuzi aliyeongoza maandamano ya sherehe fulani ya wilaya. Hakuna oda iliyomduwaza. Mpaka akaja Vaileth.

Vaileth alikuwa binti wa miaka ishirini na minane, mwenyeji wa Njombe, mtaalamu wa udongo aliyeletwa na mradi wa misitu. Alifika kijijini mwanzoni mwa Machi na pikipiki iliyopakiwa makopo, mifuko na koleo. Siku ya tatu tu akasimama barazani kwa Sihaba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vuta kiti."

"Nataka unishonee chupi za kiume. Za bafta, pamba tupu. Kiunoni lastiki, na uzi uwe wa nailoni."

"Ngapi?"

"Ishirini na nne."

Sihaba akaishusha miwani mpaka ncha ya pua. "Saizi?"

"Kubwa. Zote ziwe sawa. Na kila moja uitarizi namba kwenye lastiki kwa uzi mwekundu, moja mpaka ishirini na nne."

"Mumeo yuko wapi, mwanangu?"

"Sijaolewa, mama."

Sihaba alishika kalamu, akaandika oda kwenye daftari la vipimo, wala hakuuliza zaidi. Hilo mwenyewe alilihesabu kuwa ni ushindi.

Alizishona kwa siku nne. Siku ya kuzichukua, Vaileth alizikagua moja moja juani, akazipima kwenye mizani ndogo kama ya sonara, akatabasamu. Kisha akamshika Sihaba mkono. "Mama Naila, nakuomba kitu kimoja. Usimwambie mtu. Ni za kazi. Kijiji nilichotoka, watu walijua mapema, wakaniharibia."

Sihaba akaahidi. Mwanawe Naila, aliyekuwa ameolewa Bagamoyo mjini, alipopiga simu jioni ile alishangaa kumsikia mama yake akizungumzia hali ya hewa kwa dakika kumi nzima.

Na hali ya hewa ilikuwa na mambo yake kweli. Shamba la Sihaba la ufuta lilikuwa chini ya msitu wa kijiji, mahali ardhi inapoanza kuinama kuelekea mtoni. Miaka yote mvua ilikuwa ikishuka kule juu, msitu unainywa, shambani inamfikia kiasi chake. Mwaka huu mvua mbili za kwanza zilishuka na tope jekundu, zikachimba mtaro katikati ya ufuta uliokuwa umechomoza juzi, mtaro ambao mtu angeweza kukaa ukingoni miguu ikining'inia.

Sihaba akamwendea Herman. Huyu alikuwa mvunaji mwenye kibali cha kukata magogo katika msitu ule, mtu wa Iringa, mwili wa jabali na sauti ya kipaza sauti, mkarimu kwa kila mtu, na alilipenda trekta lake jekundu kiasi kwamba alilifunika turubai hata kwenye manyunyu. Tangu Januari lilikuwa likipanda na kushuka msituni likiburuza magogo ya mikongo, na mvua za mwanzo wa Machi hazikulisimamisha.

"Bwana Herman, maji yanatoka kwenye njia zako yananimalizia ufuta."

"Pole sana, Mama Naila," Herman akasema, na sura yake ilionyesha kuwa anamaanisha. "Lakini siyo njia zangu. Hayo ni mabadiliko ya tabianchi. Hata redioni wanasema. Mvua za siku hizi siyo zile."

Sihaba akarudi nyumbani amekasirika. Mtu anayesingizia mbingu utamshtaki wapi?

Wiki tatu baada ya oda ile, mambo yakafumuka.

Aliyeyafumua alikuwa nguruwe pori. Usiku alifukua alichokifukua, akakiburuza hadi njia ya kisimani, akakitema. Asubuhi Mwanvita, muuza chapati, alikuwa akienda kuchota maji. Aliona kitu cheupe kimelala njiani na kuzungukwa na kwato. Akakiinua kwa kijiti. Ilikuwa chupi kubwa ya kiume, imejaa udongo, imetobolewa huku na huku kama imetafunwa, na kiunoni ina namba kumi na saba kwa uzi mwekundu.

Mwanvita aliziacha ndoo palepale. Anayemjua anajua kwamba kwa Mwanvita ndoo ni kama watoto.

Kufika saa nne kijiji kizima kilikuwa kwenye banda la ofisi. Mwenyekiti, Mzee Kitwana, alikuwa zamani refa wa mpira wa miguu na mpaka leo aliendesha mikutano kwa filimbi. Akapuliza.

"Utaratibu! Chupi iko mezani. Mtu asiiguse. Mwenye la kusema anyooshe mkono."

Mikono ikawa msitu mwingine. Mzee mmoja akasema mgongo wake umeanza kuuma tarehe ileile nyayo za ajabu zilipoonekana msituni. Mwingine akasema baiskeli yake imepata pancha mara tatu katika wiki moja, na pancha ya tatu haikuwa na mwiba. Mtu wa tatu akauliza kwa nini namba kumi na saba, na kama hii ni ya kumi na saba, basi kumi na sita za kwanza ziko wapi na zimefukiwa kwa ajili ya nani. Hapo wanaume wengi walikunja miguu.

Kisha Mwanvita akaisogelea meza. Akainama, akaukazia macho ule mshono.

"Pindo hili la kurudia mara mbili," akasema polepole. "Mbona nalijua? Shimizi yangu ya Idi ina pindo hilihili."

Vichwa vyote vikageuka kuelekea nyuma ya banda, alipokaa Sihaba.

Sihaba alihisi uso wake umeshika moto. Alimtazama Vaileth, aliyekuwa amesimama mlangoni na koleo mkononi, ametoka msituni hajui lolote, mdomo wazi. Ahadi ni ahadi, lakini wiki tatu ni nyingi, na tumbo la mtu lina kiasi chake. Akasimama.

"Chupi ni yangu," akasema. Banda likanguruma. "Yaani mshono! Mshono ni wangu! Nimeshona ishirini na nne, kwa mikono yangu, mchana kweupe, barazani. Kama nilikuwa nawaroga ningewaroga kwa vitambaa vya bei rahisi. Mwenyewe huyo hapo, mwulizeni, maana na mimi nina hamu ya kujua kuliko nyie wote!"

Kitwana akapuliza filimbi mara tatu, akamwonyesha Vaileth kidole kama anampa kadi.

Vaileth akaingia katikati. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ndogo. Akaomba radhi kwa mwenyekiti kwa kutosema mapema. Uongozi wa kijiji ulimpa ruhusa ya kufukia "vitambaa vya utafiti", na yeye aliona haya kufafanua ni vitambaa vya namna gani. Katika kijiji cha kwanza alikofanyia kazi, alieleza wazi, na alipokwenda kufukua akakuta mashimo matupu. Watu walikuwa wameshazivaa.

Vicheko vikapasuka. Kuanzia hapo akazungumza kwa raha.

"Pamba ni chakula," akasema. "Siyo chenu, ni cha wanaoishi ardhini. Nyungunyungu, mchwa, ukungu, na vijidudu ambavyo jicho halivioni. Udongo wenye uhai unaila pamba mpaka inabaki lastiki na uzi wa nailoni, kwa sababu hivyo haviliki. Udongo uliokufa haufungui hata mdomo. Nimefukia nane ndani ya msitu usioguswa. Nane mahali miti imekatwa lakini trekta halikupita. Na nane kwenye njia za trekta. Zimebaki siku thelathini na tisa, tutazifukua tuone. Huyu namba kumi na saba nguruwe amemtoa kabla ya wakati, na matobo hayo ni ya meno yake."

"Kwa nini chupi, siyo leso?" akauliza Mwanvita, bado ana kijiti.

"Ukifukua leso iliyoliwa hupati kitu, utasema nimekosea shimo. Chupi ikiliwa inaacha lastiki yenye namba. Ni ushahidi."

Kitwana akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Ushahidi alikuwa anaupenda.

Herman hakucheka. Alisimama, na banda likawa dogo. "Kwa hiyo, dada, unasema trekta langu linaua udongo?"

"Sijasema, kaka. Nimeuliza udongo."

"Ardhi ni ardhi! Imebeba tembo hii tangu enzi na enzi, itashindwa na matairi?" Akageukia watu. "Kama kuna chupi itakayotoka nzima, tatizo ni bafta ya Mama Naila. Mimi natoa zangu mbili, pamba safi, nimenunua Kariakoo. Moja ifukieni msituni, moja katikati kabisa ya njia ya trekta. Hiyo ya njiani ikitoka nzima, nitaivaa juu ya suruali, nitembee kutoka ofisi hii mpaka stendi ya mabasi."

Filimbi ikalia. "Imeandikwa!" akasema Kitwana, na kweli akaandika.

Siku zile thelathini na tisa zilikwenda kwa uzito. Masika ilimwaga maji hasa. Mtaro katika shamba la Sihaba ukapanuka, ukameza mistari sita ya ufuta. Alikuwa akienda asubuhi, anasimama ukingoni, anatazama maji mekundu yakipita na udongo ambao marehemu mumewe aliulima, na hapo hakuona la kuchekesha. Siku moja Vaileth alimkuta pale, wakapanda pamoja kuufuata mtaro mpaka juu. Ulianzia penye njia ya trekta, kama mfereji unavyoanzia kwenye bomba.

"Herman anasema ni tabianchi," Sihaba akasema.

"Hajakosea. Mvua kweli zimekuwa kubwa na za ghafla. Ndiyo maana tunahitaji udongo unaojua kunywa. Sasa huu hauna koo, mama. Trekta limepita ukiwa umelowa, vitundu vyote vimeshindiliwa." Akapiga ardhi kwa koleo, likadunda. "Na tena matawi yamechomwa, majani hakuna, jua linapiga moja kwa moja. Majani na mizizi iliyooza inahifadhi kaboni chini. Ukiuanika udongo hivi, kaboni hiyo inapanda hewani, inaongeza joto. Tunalaumu mbingu, na sisi wenyewe ndio tunazipelekea kuni."

"Udongo unapumua, kwani?"

"Unapumua, mama. Huu umekabwa."

Sihaba akainama, akaweka kiganja juu ya njia ile. Ilikuwa ngumu kama sakafu ya zahanati.

Ikaja siku ya kufukua, Jumamosi ya kwanza ya Mei. Kijiji kizima kilipanda msituni, wengine na chai kwenye chupa. Mwanvita aliuza chapati zote kabla hata koleo la kwanza halijagusa ardhi.

Wakaanza msitu usioguswa. Namba moja: lastiki. Namba mbili: lastiki na kipande cha pindo kama ndimi mbili za uzi. Namba tatu, nyungunyungu mmoja mnene alikuwa bado amejiviringisha ndani yake, na Kitwana akaagiza aachwe amalize. Nane zote zilikuwa zimeliwa. Ya Herman, iliyofukiwa baada ya hizo zote, ilikuwa imebaki lastiki yenye maandishi ya kiwanda na tambara dogo lililotoboka kama chujio.

"Pamba ya Kariakoo ina utamu," mtu akasema kutoka nyuma.

Penye miti iliyokatwa bila trekta kupita, zilitoka zikiwa nusu nusu. Huyu amekosa mguu mmoja, huyu amekosa makalio. Namba kumi na moja ilikuwa na mchwa ndani, na Vaileth akafurahi kama ameona ndugu zake.

Kisha wakafika njia ya trekta. Hapo koleo halikuingia, ikabidi iletwe sururu. Namba kumi na nane ikatoka. Imechafuka, ndiyo, lakini nzima. Namba kumi na tisa nzima. Ishirini nzima. Kila ikitoka watu walikuwa wakihesabu kwa pamoja kama wanasherehekea mwaka mpya, na Sihaba alijikuta anaona fahari na huzuni kwa pamoja, maana mshono wake ulikuwa umesimama imara na ardhi ilikuwa imekufa.

Ya mwisho ilikuwa ya Herman. Mwenyewe alishika sururu. Akaifukua, akaikung'uta, akainyoosha mbele ya macho yake. Hata tobo la sindano halikuwepo.

Vaileth, ili kumpunguzia aibu, akatoa kopo lisilo na kitako, akaligongea ardhini palepale, akamimina lita moja ya maji ndani. Kule msituni lita hiyohiyo ilikuwa imenywewa kabla Kitwana hajahesabu hamsini. Hapa walihesabu mpaka mia tatu, wakachoka, wakanywa chai. Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka kijijini, wanaume wakashuka, wakaswali, wakarudi. Maji yalikuwa bado yamo, na sisimizi mmoja alikuwa anaogelea.

Mwishowe Vaileth akachomeka kipimajoto cha udongo. Chini ya miti kilisoma nyuzi ishirini na sita. Njiani kilisoma arobaini na tatu.

Herman alikaa juu ya gogo. "Miche haioti kwenye hizi njia," akasema hatimaye, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa kunong'ona. "Nimeona tangu mwaka jana. Nilisema ni mbuzi." Akamtazama Sihaba. "Mama Naila, nilikudanganya. Sikuwa najua kama nakudanganya, lakini nilikudanganya."

"Nimesikia," Sihaba akasema. Hakuwa tayari kusema zaidi ya hapo. Mistari sita ya ufuta siyo midogo.

Herman akasimama, akavaa chupi yake juu ya suruali, palepale msituni, akashuka nayo. Alipofika ofisini Kitwana alipuliza filimbi ya kuanza, na yule bwana akatembea mpaka stendi, kichwa juu, mikono nyuma kama anakagua gwaride. Basi la Bagamoyo lilikuwa linapakia. Abiria walitoa vichwa madirishani. Kondakta aliuliza hilo ni tangazo la nini, na Herman akamjibu, "La udongo!" Sihaba, aliyekuwa ameapa hatacheka, ilibidi ashikilie nguzo.

Kazi iliyofuata haikuwa ya kuchekesha sana. Kamati ya maliasili ilikaa siku mbili na Vaileth na Herman. Wakakubaliana trekta lipite njia mbili tu badala ya kumi na moja. Mvua ya kwanza ikinyesha, linasimama na kufunikwa turubai. Matawi hayachomwi tena. Yanatandikwa njiani, matairi yapite juu yake kama juu ya godoro. Njia za zamani zikavunjwa kwa majembe, zikachimbiwa vizuizi vya kukata mwendo wa maji. Herman alileta watu wake wote, naye akashika jembe. Alilalamika kila siku kuhusu mgongo, na kila siku alirudi. Shambani kwa Sihaba aliujaza mtaro kwa mawe na matawi bila kuambiwa.

Masika iliyofuata maji bado yalikuja. Yalikuwa machache, na yalichukua kona moja tu ya ufuta. Vaileth alifukia vitambaa vingine kwenye njia zilizovunjwa, safari hii vya kawaida, na vikatoka na matobo ya kuhesabika. Kitwana alitaka kushangilia.

"Bado, mwenyekiti," Vaileth akasema. "Udongo ulioshindiliwa hivi utachukua miaka kumi na tano, pengine ishirini, kurudi ulivyokuwa."

Watu wakapiga hesabu ya umri wao.

Mradi ulipomwita Vaileth kwingine, alimwachia Sihaba kipimajoto. Kamati ikamteua kuwa mpimaji. Kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akipima sehemu tatu msituni na kuandika kwenye daftari lilelile la vipimo, kati ya kiuno cha mtu na mabega ya mtu mwingine. Watu wakaanza kumwita wapimiwe viwanja vyao. Mwanvita naye akamwita, akajitapa, kwani ua wake ulikuwa unafagiwa mara mbili kwa siku mpaka unang'aa.

Sihaba akachomeka, akasubiri, akasoma. "Arobaini na tano."

"Arobaini na tano nini?"

"Umeishinda njia ya trekta, shoga."

Mwanvita alinuna. Akasema ua wake ni msafi, na kwamba majani yana nyoka, na mtu aliyezoea kushona chupi za kufukia hana la kumfundisha yeye usafi. Wiki mbili hawakusemeshana. Ijumaa ya tatu Sihaba alipita akaona chini ya mwarobaini wa Mwanvita kumelala tabaka la majani makavu, yametandazwa vizuri, pembe zimenyooshwa kama shuka la mgeni. Mwanvita alikuwa ameketi pembeni anasukuma chapati, hamtazami.

"Hujafagia leo," Sihaba akasema.

"Mgongo unauma."

"Pole. Nichomeke?"

Mwanvita aligeuza chapati kwenye chuma, akaipaka mafuta bila haraka. "Chomeka," akasema. "Lakini uniambie kwa sauti ya chini."